Silabi Iliyomponyoka Bwana Sawa

Bwana Sawa alikuwa kiziwi nusu na mkaidi mzima. Sikio la kushoto lilikuwa limeuawa na msumeno wa umeme, miaka ishirini na miwili ya kupigiwa kelele ubavuni, na la kulia lilifanya kazi pale lilipojisikia. Mtaa mzima ulijua. Yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri. Alikuwa amegundua zamani kwamba mtu akikusemesha na hukumsikia, ukitikisa kichwa na kusema "sawa", mara nyingi anaondoka ameridhika, na asiporidhika unajitia hamnazo. Ndivyo alivyolipata jina lake. Mteja mmoja aliwahi kuagiza meza ya watu sita akaletewa ya watu tisa, ikabidi fremu ya mlango ing'olewe ndipo iingie. Bwana Sawa alimtazama usoni bila chembe ya haya, akamwambia familia huongezeka.

Kwa hiyo shule ilipomwita kuhusu binti yake, mtu mwenye akili timamu angemtuma mwenye masikio. Lakini mkewe alikuwa safarini, mwezi wa tatu sasa, akimuuguza mama yake mzazi, na Bwana Sawa kumwomba dada yake aende kungekuwa ni kukiri jambo ambalo hakuwa amelikiri hata mbele ya kioo. Akakung'uta vumbi la mbao kwenye nywele, akavaa shati lenye kola, akaenda mwenyewe.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita, na nyumbani walimwita Chiriku. Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitatu, kwa sababu alikuwa haongei, alikuwa anamwagika. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na paka, na paka alipochoka akaongea na ndoo. Sasa ilikuwa imepita miezi miwili hajasema sentensi yenye maneno zaidi ya mawili. Maneno yenyewe yalikuwa "niko sawa". Baba yake, bingwa wa neno hilo, hakuona kasoro yoyote ndani yake.

Mshauri wa shule alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye feni iliyolalamika bila kupumzika, na feni ilikuwa upande wa kulia, upande wa lile sikio zuri. Isitoshe, kiti alichokaribishwa kilikuwa kinayumba. Seremala ukimkalisha kwenye kiti kinachoyumba umeshampoteza. Akili yote ya Bwana Sawa ilikuwa chini ya makalio yake, kwenye kiungo cha mguu wa nyuma ambacho mjinga fulani alikipigilia msumari badala ya kukitia gundi.

"Mzee wangu, binti yako ana sonona," alisema mshauri. "Si ukorofi. Ni ugonjwa, na unatibika. Kwa sasa ninaomba mambo manne nyumbani. Asikaripiwe. Asikae peke yake chumbani. Asinyang'anywe simu, maana ndiyo anayoongelea na rafiki yake. Na asilinganishwe na wenzake. Kisha mje wote wawili, Jumatano, baada ya wiki mbili."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Sasa tuangalie kilichofika.

Neno sonona Bwana Sawa hakuwahi kukutana nalo maishani. Sikio lake lilipoona neno geni limesimama mlangoni, halikuhangaika kuliuliza jina. Lilimwingiza yule anayefanana naye. Likaingiza anasonya. Ama hizo amri nne, tatizo lilikuwa ile "si". Ni silabi nyembamba, imebanwa katikati ya kitenzi, haina sauti zaidi ya pumzi, na feni ilizila zote moja baada ya nyingine. Bwana Sawa akabaki na vitenzi vinne vilivyonyolewa.

Na hebu tuseme ukweli: alifurahi. Alikuwa ameingia pale akiogopa kusomeshwa. Alitegemea mwanamke yule msomi amwambie ambembeleze mtoto. Kumbe mtoto anasonya walimu, na dawa yake ni kukaripiwa, kufungiwa chumbani, kunyang'anywa simu na kuonyeshwa watoto wa wenzake. Vile vile kama mama yake Bwana Sawa alivyomlea yeye. Ushauri unaofanana na tulichokuwa tunakifikiria tangu mwanzo, hata tukiwa viziwi huwa tunausikia vizuri.

"Sawa," alisema, akatikisa kichwa mara nne, mara moja kwa kila amri.

Alipitia karakana kabla ya kwenda nyumbani, akachukua kipande cha ubao, akatoa penseli nyuma ya sikio na kuandika asije akasahau: Akaripiwe. Akae peke yake chumbani. Anyang'anywe simu. Alinganishwe na wenzake. Akautundika kwenye msumari juu ya benchi la kazi, kando ya vipimo vya kabati la mteja.

Nyumbani alimkuta Chiriku mezani. Jambo hilo peke yake lingetosha kumshtua, kwa sababu wiki nyingi mtoto alikuwa akitoka shule anaingia kitandani na sare yake. Leo alikuwa amenawa uso. Alikuwa amemwandalia baba yake chai, kikombe kimefunikwa kwa kisahani ili isipoe.

"Umeonana na mshauri?" aliuliza. Ilikuwa sentensi ya maneno matatu, na aliisema upande wa kulia.

"Nimeonana naye."

"Amekuambia?"

"Ameniambia kila kitu."

Chiriku alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza na kumtazama baba yake. Bwana Sawa aliiona ile sura na akadhani ni ya mtu aliyekamatwa. Akanywa chai funda moja, akasafisha koo.

"Katika nyumba hii," alisema, "hakuna mtu anayesonya watu. Mimi sikukulea hivyo. Mama yako hakukulea hivyo. Lete simu."

Mtoto aliendelea kumtazama kwa muda, kana kwamba bado kuna kitu kinakuja nyuma ya maneno hayo. Hakikuja. Akaitoa simu mfukoni, akaiweka karibu na kikombe, akaondoka. Hakubamiza mlango. Baba yake akasema moyoni kwamba dawa imeanza kufanya kazi siku hiyo hiyo.

Dada yake Bwana Sawa alikuwa na saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile ile, na alikuwa na sauti iliyoumbwa kushindana na draya tatu. Ndiye binadamu pekee ambaye kaka yake alimsikia bila kujikaza, na ndiyo maana alimpenda kuliko ndugu zake wengine. Alipopewa habari, mkono wenye chanuo ulibaki hewani.

"Anasonya? Chiriku?"

"Mshauri mwenyewe kasema."

"Mbona mimi sijawahi kumsikia?"

"Hata mimi," alisema Bwana Sawa, kisha akaona ameingia kwenye ardhi ya hatari, akatoka haraka. "Anasonya kimoyomoyo."

Shangazi alilitafakari hilo. Alikuwa ameshughulikia vichwa vya wanawake miaka kumi na tano na alijua kusonya kimoyomoyo kupo. Akaahidi kusimamia utekelezaji. Zaidi ya yote alijipa amri ya nne, kwa kuwa ilikuwa kazi aliyokuwa anaifanya bure siku zote. Kila Chiriku alipopita saluni kwenda bafuni, alikutana na sifa za watoto wa wateja: huyu kaongoza darasa, yule anamsuka mama yake mwenyewe, mwingine anaamka alfajiri bila kuitwa na tabasamu juu. Wateja nao, wakiwa wameinamishwa vichwa, walichangia kutoka chini ya taulo.

Jioni ilikuwa ni ripoti.

"Leo hajasonya," alisema shangazi siku ya pili.

"Leo pia," alisema siku ya nne. "Wala hajajibu. Nimemkaripia kuhusu vyombo, kimya."

"Siku saba bila sonyo hata moja," alisema mwisho wa wiki, na kaka yake akampa mkono wakapongezana kama watu waliofunga goli.

Ni jambo la aibu kulisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kadiri mtoto alivyozidi kuzama ndivyo matokeo yao yalivyozidi kuwa mazuri. Hakula, wakasema hana ubishi mezani. Hakutoka chumbani, wakasema amri ya pili anaifuata mwenyewe bila kusukumwa. Wiki ya pili hakwenda shule. Alisema tumbo, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeumwa, wakamwachia. Mama yake alipopiga simu Jumapili, Bwana Sawa alimwambia binti anaendelea vizuri, ameacha kabisa. "Ameacha nini?" aliuliza mke wake kutoka mbali. "Sawa, sawa," alijibu mume, "na wewe umsalimie mama."

Hata hivyo, kuna kitu kilikuwa kinamsumbua. Asubuhi moja alipita mbele ya chumba cha binti, mlango uko wazi kidogo, akamwona amelala ubavu, macho yako wazi, anatazama ukuta usio na kitu chochote. Alirudi baada ya saa nzima kuchukua futi aliyoisahau, akamkuta vile vile, ukuta ule ule. Moyo wa Bwana Sawa ulimwambia jambo fulani. Akautikisia kichwa, akauambia sawa, akaenda kuranda mbao.

Jumatatu alivaa tena shati la kola, akaenda kwenye miadi. Ofisi ilikuwa imefungwa. Alisimama pale robo saa akiuchunguza mlango, ambao bawaba zake nazo zilikuwa zimefungwa kishenzi, kisha akahitimisha kwamba kama mshauri mwenyewe amesahau, basi tatizo lilikuwa dogo. Jumatano mshauri alikaa ofisini mchana kutwa akisubiri baba na binti ambao hawakutokea.

Alhamisi akatokea yeye karakana.

Bwana Sawa alikuwa anakata ubao, na alijua kuna mtu kwa kuona kivuli tu. Alizima mashine, akajifuta mikono kwenye suruali, akamtambua. Akafurahi sana. Alitaka kumpa taarifa kabla hajaombwa.

"Mwalimu, hasonyi tena," alisema. "Wiki mbili kamili. Hata moja."

"Hafanyi nini?"

Safari hii hakukuwa na feni. Bwana Sawa alisikia swali na hakulielewa, kwa hiyo akasema sawa. Mshauri akamtazama kwa makini. Akasema hajamwona binti darasani siku nne, na akauliza kama yuko na mtu nyumbani. Bwana Sawa akasema yuko peke yake chumbani, kama ilivyoagizwa.

"Iliagizwa na nani?"

"Wewe," alisema Bwana Sawa, na kwa kuwa alikuwa fundi anayetunza vipimo vyake, akanyoosha kidole kwenye ubao.

Mshauri alisogea, akausoma. Akausoma mara ya pili, midomo ikicheza. Bwana Sawa alisubiri asifiwe kwa mwandiko. Badala yake aliona mkono wa yule mwanamke ukipanda mdomoni na kukaa hapo. Kisha akaja moja kwa moja kwake, akamchomolea penseli nyuma ya sikio bila kuomba ruhusa, akarudi kwenye ubao. Juu ya neno la kwanza, baada ya ile A, akachora kialama na kuandika "si". Akashuka kwenye la pili, "si". La tatu. La nne. Ile "si" ya mwisho ilitoka kubwa kuliko zote. Chini kabisa akaandika neno moja kwa herufi kubwa: SONONA.

Bwana Sawa aliusoma ubao wake upya kuanzia juu. Asikaripiwe. Asikae peke yake chumbani. Asinyang'anywe simu. Asilinganishwe na wenzake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi alipata hamu ya kukaa chini kwenye vumbi la mbao, na akakaa.

Mshauri alichuchumaa naye. Alikuwa mtu mwerevu, kwa hiyo alijisogeza upande wa kulia bila kuambiwa. Akamweleza kwa sauti, neno kwa neno, sonona ni nini: kwamba si huzuni ya kuchekwa wala uvivu, ni ugonjwa unaomwondolea mtu nguvu ya kutaka chochote, na mtoto anaweza kuwa amesimama mbele yako na ndani amelala. Halafu akamwambia jambo ambalo Bwana Sawa angetoa sikio lake lililobaki asilisikie.

"Siku ile yeye ndiye aliyeniomba nikuite," alisema mshauri. "Aliniambia, 'Mwambie baba wewe, mimi siwezi kuanza.' Alikuwa nyumbani anakusubiri uje na majibu."

Bwana Sawa akaikumbuka chai. Akakumbuka mikono miwili juu ya meza. Alilia, na hakulia kifundi, alilia vibaya, na kamasi.

Mshauri alimwacha amalize, kisha akampa maelekezo mapya. Aende nyumbani sasa hivi, asingoje jioni. Amuulize mtoto waziwazi kama anatamani kuendelea kuishi, kwa sababu kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Akishajibu, asimwache peke yake. Na kesho asubuhi amlete, mshauri mwenyewe atakuwa nao, wakaonane na daktari. Bwana Sawa alifungua mdomo kusema sawa. Akaufunga.

"Kesho ni Ijumaa," alisema. "Saa ngapi? Sema tena."

"Saa mbili."

"Mbili. Asubuhi. Shuleni au hospitali?"

"Shuleni, tutaondoka pamoja."

Aliandika kila kitu, akamwonyesha ubao ausome, ndipo akafunga karakana mchana kweupe, kitu ambacho jirani zake hawakuwahi kukiona isipokuwa siku ya msiba.

Njiani aliiwasha simu ya binti, ambayo alikuwa ameifungia kwenye boksi la patasi. Ilianza kumtetemekea mkononi kama kitu chenye uhai. Jumbe zote zilitoka kwa mtu mmoja, msichana anayekaa naye dawati moja. Uko wapi. Uko wapi leo. Nimekuwekea kiti. Bado nimekuwekea kiti. Kuna mtu alitaka kukaa nikamwambia kina mwenyewe. Kulikuwa na siku nne za hivyo. Bwana Sawa alizisoma zote huku anatembea, akajikwaa mara mbili.

Chiriku alikuwa kitandani. Baba yake aliingia bila kupiga hodi, akavuta kiti, akakiweka vibaya, akakizungusha mpaka sikio la kulia likaelekea mto. Akaiweka simu juu ya shuka.

"Mimi sisikii," alisema.

Ilikuwa imemchukua miaka ishirini na miwili. Alisubiri dari lianguke.

"Najua," alisema Chiriku.

"Unajua?"

"Kila mtu anajua, baba. Mpaka yule mwenye meza."

"Basi mshauri alisema una sonona, mimi nikasikia unasonya."

Chiriku aligeuza kichwa polepole kutoka ukutani. Alimtazama baba yake, akaitazama simu, akamrudia baba yake. Uso wake ulikuwa unafanya hesabu ya wiki mbili nzima, mahubiri, chanuo, watoto wa wateja, yote. Kisha akavuta hewa kati ya meno na kumsonya, sonyo refu, lenye kona, la kiwango ambacho hata shangazi yake angelipa heshima.

"Hilo nimelisikia," alisema Bwana Sawa.

Mdomo wa mtoto ulitikisika upande mmoja. Haukuwa kicheko, lakini ulikuwa jirani yake. Bwana Sawa aliogopa kuupoteza muda huo, na kwa kuwa hakujua kulizunguka jambo, alilikanyaga katikati.

"Nimeambiwa nikuulize. Unataka kuishi?"

Chiriku alirudisha macho kwenye ukuta. Alisema kitu. Kilitoka kidogo sana, karibu kimezwe na mto.

"Sijasikia," alisema baba yake.

Akasema tena. Bwana Sawa aliinama, akaambulia vipande: nikilala, natamani, niamke. Nikilala natamani niamke. Shingo yake ilianza yenyewe kutikisika kwa furaha, maana mtu anayetamani kuamka, basi hajambo. Ilikuwa imeshashuka nusu alipoikamata.

"Ulisema niamke," aliuliza, "au nisiamke?"

"Baba."

"Silabi hiyo huwa siipati. Niambie ipo au haipo."

Chiriku alikaa. Alikuwa na nywele zimesimama upande mmoja na alama za shuka shavuni, na macho yamejaa, na alikuwa amekasirika, hasira ya kweli ya mtu aliyebeba kitu kwa siri miezi yote hiyo na sasa anatakiwa akitamke kama yuko mnadani.

"Nisiamke," alisema. Kisha, kwa kuwa baba yake alikuwa bado ameinamisha sikio, alikusanya pumzi yake yote na kupiga kelele. "Nikilala natamani nisiamke. Nisi. Nisiamke. Kila siku."

Dirisha lilikuwa wazi. Chumba cha mbele draya zikazimwa, moja, mbili, tatu.

Bwana Sawa hakutikisa kichwa. "Umesema ukilala unatamani usiamke," alisema, polepole, kama anavyorudia kipimo kwa mteja kabla hajakata mbao. "Kila siku."

"Ndiyo."

"Sasa nimesikia." Akamshika mkono, na wake ukiwa na gundi iliyokauka, na akasema alichokuwa nacho. "Nimeogopa sana. Sitaki ufe. Na wiki mbili hizi nimekukosea, na sikukosea kwa masikio tu."

Shangazi alikuwa mlangoni, povu limefika viwikoni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na mdomo wazi na hakuna kilichotoka. Alivuka chumba, akakaa upande wa pili wa kitanda, akamwegemeza mtoto kifuani na povu lake lote, na alipopata sauti akasema tu, "Nilikuwa nahesabu masonyo, mimi mjinga."

Nyuma yake aliingia mteja, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama kama kimeona jini, taulo mabegani. Hakuna aliyemwalika. Alisimama mguuni mwa kitanda akionekana kama mtu anayejuta kuwa amekuja lakini hajui njia ya kurudi.

"Mimi nililala hivyo miezi sita," alimwambia Chiriku. "Nilikuwa na umri wako. Nilidhani ni mimi tu duniani."

"Sita au tisa?" aliuliza Bwana Sawa.

"Sita. Nikapelekwa hospitali, nikatibiwa. Haikuisha siku moja. Dada yangu alikuwa anakuja kukaa chumbani kwangu anasuka mikeka, hasemi kitu. Nilimchukia mno yule dada." Akavuta taulo. "Ndiye aliyeniokoa, nadhani. Yeye na vidonge."

Akaketi sakafuni, hakuna kiti kingine, na hakuna aliyemkumbusha kuhusu nusu ya pili ya kichwa chake.

Chiriku alikuwa ameishika simu. Hakuandika kitu. Aliisoma kutoka juu hadi chini, na alipofika mwisho akarudi juu. Bwana Sawa alimweleza kuhusu kesho, saa mbili, mshauri, daktari, akamsomea kutoka kwenye ubao aliokuwa ameubeba kwapani mtaa mzima. Akamwambia mama yake ataambiwa leo, na atakayepiga simu ni shangazi, mwenye masikio. Mtoto akauliza kama atalazimika kuongea mbele ya daktari.

"Nini?" alisema baba yake.

Akauliza tena kwa nguvu zaidi, sauti ikakwaruza. Koo lilikuwa limechoka, lilikuwa halijafanya kazi hiyo siku nyingi. Akajaribu mara ya tatu ikatoka hewa. Basi akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akaweka kidevu begani kwa baba yake, upande wa kulia, mdomo karibu kabisa na sikio, ambapo angeweza kunong'ona na bado akasikika. Na akiwa pale, badala ya kuuliza lile swali la daktari, akaanza kumweleza yote yalivyoanza, asubuhi moja kabla mama hajasafiri, akiwa anavaa viatu, aliposhindwa kuona sababu ya kuvaa cha pili.

Bwana Sawa alikaa bila kujitikisa, mgongo unamuuma, pumzi ya mtoto inamtekenya sikio. Kila alipokosa neno, aliliuliza.